Simu Haisikii Harufu

Mwenye ndege ndani ya nyumba, na mwenye mazoea ya kufukiza udi, asome haya mpaka mwisho. Kama una chungu jikoni kiepue kwanza, kisha rudi ukae.

Bongwe, si mbali na barabara ya Ukunda, aliishi Maimuna, mjane wa Abdurahman fundi baiskeli. Mungu alimjaalia mtoto mmoja tu, Twaiba, na mama wa mtoto mmoja anajua: mtoto akikohoa, kifua kinachouma ni chako. Maimuna hakuwa mtu wa kutulia. Mvua ikinyesha alihofia paa, isiponyesha alihofia kisima. Lakini hofu yake kubwa ilikuwa moja, na hiyo alikuwa nayo kwa sababu.

Abdurahman alipofariki, Twaiba hakulia kama watu wanavyolia. Alinyamaza. Miezi minne mizima alikuwa akijibu kwa kichwa, ndiyo au la, na mara nyingine hata kichwa hakikutikisika. Maimuna alimpikia wali wa nazi, alimpikia samaki wa kupaka, sahani ikirudi vile vile ilivyokwenda. Akamletea masheikh wamsomee, akampeleka na hospitali. Kisha siku moja, akiwa anachambua mchele barazani, akasikia sauti chumbani: "Na wewe umekula? Mbona chakula hujagusa?" Akauweka ungo chini, akanyata mpaka mlangoni. Twaiba alikuwa akizungumza na kasuku wake mdogo wa manjano, ndege mwenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, ambaye babake alimletea ndani ya kiboksi cha viatu kilichotobolewa matundu, wiki chache kabla hajafa. Maimuna alirudi kwenye mchele wake akaulowesha kwa machozi ya furaha.

Ndege huyo aliitwa Zafarani. Kutoka kwake Twaiba akapenda kufuga. Akanunua dume, akanunua wengine wa kijani na wa samawati, na mwaka wa tano ukifika, chumba cha nyuma kilikuwa na ndege ishirini na wawili, kelele kama soko la Kongowea. Na Twaiba alizungumza. Alizungumza mpaka majirani wakamwambia Maimuna, "Lo, huyu ndiye yule bubu?"

Jambo moja tu lilimkera Twaiba. Wale wengine walizaa, ila Zafarani, zawadi aliyoachiwa na babake, hakupata kinda hata moja. Mara mbili alitaga, na mara mbili makinda yalifia ndani ya yai. Ilikuwa kaskazi, jua limekaa juu ya bati, chumba kinachemka mchana, hewa kavu. Na Zafarani alikuwa anazeeka. Kasuku wa aina ile akifika miaka sita hatagi tena, au akitaga ni bahati.

Ndipo Twaiba akamleta fundi kutoka Ukunda. Fundi akafunga feni ukutani, akafunga glopu za joto, akaweka mashine ndogo inayopumua ukungu wa maji, na kitu cheupe kama kipande cha sabuni, hicho ndicho kinachopima joto na unyevu. Vyote vikaunganishwa na simu ya Twaiba. Awe Diani, awe Msambweni, akifungua simu anaona chumba chake. Joto likizidi, feni inajiwasha yenyewe. Hewa ikikauka, ukungu unatoka. Dirisha likazibwa kwa mbao na sponji ili hewa ya nje isiingie, na ile feni ikatobolewa tundu ukutani upande wa ukumbini.

"Kwa nini ukumbini?" Maimuna aliuliza.

"Kwa sababu ukumbi wetu ndio wenye baridi, mama. Inavuta hewa ya hapa inapeleka kule." Kisha akamwonyesha simu. "Tazama. Hii rangi ya kijani maana yake wako salama. Ikiwa nyekundu, mimi nashtuka. Wewe huna haja ya kufanya chochote."

"Hata nisiwaangalie?"

"Waangalie, lakini usiguse. Simu inaona kila kitu."

Maimuna aliishia darasa la saba, na hakupenda kubishana na kitu kilichotiwa na fundi. Akasema haya.

Mwezi wa Ramadhani ukawa unakaribia, na kama mjuavyo, harusi zikawa zinafuatana. Dada mkubwa wa Maimuna, Mejumaa wa Gazi, alikuwa akimwoza bintiye Zainabu. Wakati huohuo Zafarani alikuwa amelalia mayai manne, siku ya kumi na tano. Zilibaki siku tatu. Twaiba alitakiwa aende Gazi mapema akakae na biharusi, binti ya mamake mkubwa, wapakwe hina pamoja, asingeweza kukataa. Alhamisi jioni alimuaga Zafarani kabla hajamuaga mamake.

"Mama, mayai haya ndiyo ya mwisho," alisema akiwa mlangoni, mkoba begani. "Yakifa haya, basi tena."

Alisema kwa sauti ndogo. Maimuna aliijua sauti ile. Ndiyo iliyotangulia kile kimya cha miezi minne.

"Hayatakufa, inshallah. Nenda mwanangu."

Ijumaa, nikaha ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Maimuna aliamka alfajiri akakanda unga, akakaanga mahamri mia mbili ya kupeleka Gazi. Kitanda chake chote kikajaa sinia za mahamri zinazopoa, na kiti, na sanduku. Ilipofika saa sita na nusu alitaka kufukiza nguo zake. Siku zote alifukiza chumbani mwake, mlango umefungwa, dirisha wazi. Leo chumba kina mahamri, na nani anataka mahamri yenye moshi wa udi? Akakitoa chetezo ukumbini. Akatia makaa mekundu, akaweka vipande vya udi, tena ule udi mzuri aliotunziwa na wifi yake alipotoka umra, akafunika kwa tenga, juu ya tenga akatandaza gauni na leso mpya na buibui. Moshi ukapanda kupitia kwenye nguo, mzito, mtamu, unaomkumbusha mtu siku yake mwenyewe ya kuolewa.

Jua lilikuwa limesimama juu ya bati. Feni ikalia *ngrrr*, ikaanza.

Maimuna aliona moshi ukiinama. Aliuona kwa macho yake, unaacha kwenda juu, unalalia upande mmoja kuelekea ukuta wa chumba cha ndege, kama watu wanaoelekea mlangoni. Akasema moyoni, "Leo kuna upepo." Akaongeza kipande cha udi, akaenda kuoga.

Hapo ndipo pa kushika, wewe unayesoma. Aliuona, na hakuuliza.

Alipotoka kuoga, alivaa gauni lililonukia mpaka basi, akawa anajifunga leso, na mkono ukasimama. Kuna kitu kilipungua nyumbani. Ilimchukua muda kujua ni nini. Ni kelele. Ndege ishirini na wawili, saa saba mchana, na hakuna hata mmoja anayepiga mluzi.

Akafungua mlango wa chumba cha nyuma. Harufu ya udi ikampokea, nzito kuliko ya ukumbini. Ndege walikuwa wamejikunyata kwenye vijiti, manyoya yamefura, midomo wazi, mikia inapanda na kushuka kwa kila pumzi. Wawili wa kijani walikuwa chini ya tundu.

Akatoa ile simu yake ndogo ya vibonye, akapiga Gazi.

"Mama, shikamoo!" Nyuma ya sauti ya Twaiba kulikuwa na vigelegele na ngoma. "Mushatoka?"

"Marahaba. Twaiba, ndege wamenyamaza."

"Ni mchana mama, wamelala."

"Hawajalala. Wamefura kama wenye baridi, na midomo wazi. Wawili wako chini."

"Ngoja. Zainabu, nisogezee hiyo simu nyingine, ifungue hapo. Hapo, ndiyo." Akaitazama. "Mama, mbona hapa ni kijani? Joto ishirini na saba, unyevu sitini. Kila kitu sawa. Feni inafanya kazi tangu saa sita na nusu, hata haijapumzika."

"Kijani chako mimi sikijui. Mimi nimesimama hapa nawaona. Nafungua dirisha."

"Usifungue! Nakuomba mama. Ukifungua joto la nje litaingia, mayai yatakauka kama yale. Siku mbili tu zimebaki!"

Mkono wa Maimuna ulikuwa tayari juu ya mbao. Akauondoa. Ndugu zangu, aliuondoa. Macho yake yanaona ndege wanakata roho, na simu iliyoko Gazi inasema wako salama, na yeye akaiamini simu. Akasimama kama mtu aliyeitwa na watu wawili kwa pamoja. Kisha moshi ukamwingia kooni, akakohoa.

"Mbona unakohoa?" Twaiba akauliza.

"Ni udi tu. Nilikuwa nafukiza nguo."

"Wapi?"

"Ukumbini. Chumbani mna mahamri."

Kule Gazi vigelegele viliendelea.

"Twaiba," Maimuna akasema, na sasa alianza kuelewa, "hiyo simu yako inasikia harufu?"

"Haisikii," Twaiba akajibu polepole. "Haisikii harufu, mama. Inapima joto na maji tu. Na feni inavuta ya ukumbini."

"Basi izime!"

"Nina hina! Mikono yote miwili! Zainabu, wewe yako imekauka, bonyeza hapo. Si hapo. Hapo umeongeza!"

Na kweli feni ikanguruma zaidi, ikavuta moshi kama mtu anayekunywa uji. Maimuna hakungoja tena. Aliushika waya akaung'oa kutoka kwenye soketi, feni ikafa, glopu zikafa, kila kitu kikafa. Akabandua mbao na sponji kwa kucha zake, dirisha likafunguka, mwanga ukaingia.

Nje honi ikalia. Ni Nthiwa, bodaboda wa Bongwe, Mkamba aliyezaliwa kwenye mashamba ya makazi waliyogawiwa wazazi wake, lakini aliyelelewa na stendi ya Ukunda.

"Mathe, twende! Jua ni noma na nina mteja Diani saa kumi!"

"Nthiwa, ingia ndani ubebe ndege!"

"Ndege? Si tuliongea wewe na mahamri?"

"Ingia, nimekwambia!"

Nthiwa akaingia na kofia yake ya pikipiki kichwani. Alipoona, hakutania tena. Wakabeba matundu moja baada ya jingine mpaka chini ya mkorosho nyuma ya jikoni. Maimuna alibeba chetezo akakimwaga mbali kwenye mchanga. Nthiwa akavua jaketi lake, akawa anapepea matundu, huku jasho likimtoka.

"Huyu wa kijani ameenda, mathe. Na huyu mwenzake. Na huyu hapa wa blue."

"Usiseme kwa sauti. Wenzao wanasikia."

Akamtazama kama mtu anayetaka kucheka, kisha akaendelea kupepea.

Watatu walikufa. Waliobaki, mmoja mmoja, walianza kufunga midomo. Zafarani alikuwa hai. Kisanduku chake cha kutagia kilikuwa na tundu dogo lililotazama ukutani, na pengine hilo ndilo lililomwokoa. Lakini alikuwa ametoka kisandukuni, ameshikilia waya wa tundu, anatweta, na mayai ameyaacha peke yake.

Nthiwa akapiga simu yake kubwa, ile ya picha, akaielekeza kwenye matundu ili Twaiba aone. Uso wa Twaiba ukatokea kwenye kioo, na wanja wa harusi machoni. Akatazama wale watatu waliolazwa juu ya jani la mgomba. Akamtazama Zafarani nje ya kisanduku.

"Twaiba?" Maimuna akaita. "Mwanangu, sema."

Twaiba hakusema. Kioo kikawa cheusi.

Hapo Maimuna aliingiwa na hofu. Si kwa ajili ya ndege watatu. Alikiona kile kimya kikirudi nyumbani kwake na kujitandikia kitanda.

"Nthiwa," akasema, "chukua mahamri upeleke Gazi. Kisha uniletee binti yangu."

"Na wewe? Harusi je?"

"Mimi nina kazi."

Nthiwa akafunga sinia nyuma ya pikipiki, akaondoka. Maimuna akavua gauni la kunukia na leso mpya, akaoga tena kwa sabuni ya mche, akajisugua mpaka kwenye nywele, akavaa leso kuukuu iliyokuwa kwenye kamba. Akachukua kifuu, akatia sufi, akayatoa yale mayai manne madogo kama kokwa. Yalikuwa yameanza kupoa. Akakiweka kifuu kifuani, chini ya leso, akaketi chini ya mkorosho akiegemea shina. Utotoni aliwahi kuokoa mayai ya kuku namna hiyo, mama kuku alipochukuliwa na kicheche. Hakujua kama kasuku na kuku ni sheria moja. Alisoma sura alizozijua, akizimaliza anazirudia.

Simu ikalia. Mejumaa.

"Maimuna! Biharusi anatolewa, mamake mdogo yuko wapi? Mahamri yamekuja peke yake, na huyu kijana anambeba Twaiba mbiombio!"

"Nisamehe dada. Nimekalia mayai."

"Umekalia nini?"

"Mayai. Ya ndege."

Mejumaa akaita wenzake kwa sauti: "Jamani, mdogo wangu amekuwa kuku!" Wanawake wakaangua kicheko. Lakini kabla hajakata, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto ametoka hapa hajasema kwaheri. Ni ndege wa babake, sivyo? Haya. Kalia vizuri."

Kivuli cha mkorosho kilihama, na Maimuna akahama nacho. Dume la Zafarani likaanza kupiga mluzi, mara moja, mara mbili. Zafarani akashuka, akanywa maji. Akala punje chache za mtama. Maimuna akayarudisha mayai kisandukuni polepole, asije akatikisa hata sufi, akarudi nyuma hatua tano. Zafarani akakizunguka kisanduku, akaingiza kichwa, akakitoa. Akakiingiza tena. Mwisho akaingia mwili mzima, na mkia ukapotea ndani.

Pikipiki ikafika jua limelegea. Twaiba akashuka, hina imeliwa nusu kwa kuoshwa haraka, vidole vya rangi mbili. Hakutoa salamu. Alimpita mamake, akainama kwa wale watatu, akawafunika kwa jani. Kisha akaenda kwenye kisanduku, akafungua kifuniko cha ubavuni, akamsogeza Zafarani kwa kidole na kutoa yai la kwanza. Akawasha tochi ya simu, akaliweka yai juu ya mwanga.

Maimuna alisimama mbali, mikono kwenye leso. Hata Nthiwa alizima pikipiki.

Yai la kwanza lilikuwa na weusi usiosogea. Twaiba akangoja, akalirudisha. La pili vile vile. La tatu alilishikilia kwa muda mrefu. Mwanga ulipita kwenye ganda, weusi wa kinda umelijaza, na kule juu penye nafasi ya hewa kivuli kidogo kikatikisika, kikatulia, kikatikisika tena.

"Anacheza," Twaiba akasema.

Maimuna akakaa chini pale pale, mchangani.

La nne nalo lilicheza. Twaiba akafunga kifuniko, akazima tochi, akageuka. Na hapo akaanza.

"Mama! Nani anafukiza udi ukumbini? Nani? Miaka yote unafukiza chumbani, leo ndiyo leo? Mahamri! Mahamri yangefunikwa kwa kawa yakawekwa jikoni! Na moshi unauona unaingia, unaenda kuoga! Na mimi nakwambia usifungue dirisha! Mimi! Nimekaa Gazi natazama rangi ya kijani kama mjinga! Na yule fundi, hakusema hata siku moja kwamba kile kitu hakina pua! Nitampigia sasa hivi. Na wewe Nthiwa unacheka nini?"

"Sicheki, sister."

"Unacheka!"

Maimuna akajibu "naam, mwanangu", na "kweli, mwanangu". Aliinjika chai, akaongeza sukari, akampa kikombe ili koo lisimkauke. Huku akigombezwa alitafuta kipande cha katoni, akachukua kaa baridi pale mchangani alipomwaga chetezo, akaandika kwa herufi kubwa za darasa la saba: HAPA HAPAFUKIZWI UDI. SIMU HAISIKII HARUFU. NDEGE WAKINYAMAZA FUNGUA DIRISHA. Akakipigilia msumari juu ya ile feni.

Twaiba akaja kukisoma, kikombe mkononi.

"Umesahau ubani," akasema. "Na dawa ya mbu. Na moshi wa mafuta yaliyoungua. Andika vyote." Kisha akaendelea kugomba, hata walipokuwa wakirudisha matundu ndani, mpaka adhana ya magharibi, na mamake hakutaka anyamaze.

Jumapili asubuhi Maimuna alikuwa jikoni anakanda unga, akasikia sauti ya Twaiba kutoka chumba cha nyuma ikipiga kelele, "Mama! Mama, njoo!" Alikimbia na unga mikononi, moyo umempanda, akifikiri moto, akifikiri nyoka, akifikiri kila kitu ambacho mama hukifikiria. Ndani ya kisanduku, chini ya kifua cha Zafarani, kitu chekundu chekundu kisicho na manyoya, kidogo kama njugu, kilikuwa kimefungua mdomo.